Mashine ya Mahona Ndani ya Boti

Bisha. Kubisha hakutozwi ushuru. Mimi shule niliiacha darasa la tano, lakini hili huwezi kunifundisha. Ukimaliza kubisha, njoo kijijini kwetu kando ya mto Ugalla, umuulize fundi Twalibu kwa nini mpaka leo hali ugali.

Mashine ya boti ya kijiji ilikufa mwishoni mwa mwaka sabini na tano, mvua zimeshaanza, na Mwanamkuu, mke wa Twalibu, ana mimba ya miezi minane. Zahanati iko ng'ambo. Twalibu akadandia lori mpaka Tabora mjini, dukani kwa Popatlal.

"Spea ya boti?" Popatlal akacheka. "Fundi, mimi hata cheni ya baiskeli sina."

Ndipo Twalibu akakumbuka mashine ya kusagia ya marehemu Mahona, iliyoachwa kwenye mahame watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Ilikuwa aina moja na ile ya boti. Akaenda kwa mjane, Bibi Paskazia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ichukue tu. Lakini kila ukitaka kuiwasha, iwekee kwanza konzi ya unga wa mtama. Marehemu hakuacha hata siku moja. Aliyemo humo akikosa, hujisagia mwenyewe."

"Bibi, hii inakunywa dizeli."

Matundu ya bolti yakalingana na ya boti, yote. Shafti ya pangaboi ikaingia bila nyundo. Fundi akajisifu wee. Ila tangi lilikuwa bado kavu, na mashine ilikuwa ya moto, inanuka unga uliotoka kusagwa. Akafuta vidole kwenye kaptura. Vikabaki vyeupe.

Wiki ya kwanza kuku wakapotea kivukoni. Wiki ya pili, mbuzi wa bwana shamba. Kila asubuhi Abasi, nahodha wa boti, alikuta vumbi jeupe sakafuni, akalifagilia mtoni, na samaki hawakuligusa.

Uchungu ukamshika Mwanamkuu saa nne asubuhi, mto umefurika. Wakapanda watu wanne.

"Fundi, unga je?" Abasi, aliyesimuliwa sharti la bibi, akanong'ona.

"Wa kula hakuna, nitoe wa kulisha chuma? Washa."

Katikati ya mto mashine ikazima. Mkondo ukaanza kuivuta boti kwenye magogo, Mwanamkuu anauma kanga asipige kelele, Twalibu anazungusha hendeli mpaka viganja vinachubuka, na ile mashine iliyozimika ikaanza kusaga, taratibu, jiwe juu ya jiwe, kama alfajiri kwa Mahona, harufu ya unga ikawajaa puani, na gurudumu lake zito likawa linazunguka peke yake, linapunguza mwendo kila lilipofika upande wa Mwanamkuu.

"Inachagua," Abasi akasema kwa sauti ndogo. "Twalibu, ndugu yangu, inamtaka mtoto."

Hapo Abasi akateleza. Gurudumu likamdaka mkono, kisha bega, kisha likamla mzima, na mashine ikanguruma kwa furaha, ikawafikisha ng'ambo huku ekzosi inatema unga mweupe, laini, uliochekechwa vizuri.

Mwanamkuu alijifungua salama, mtoto wa kike.

Kwamba Abasi aliteleza ndivyo Twalibu alivyowaambia polisi, ndivyo nilivyokusimulia na wewe. Kuna kipande nimekiruka. Abasi hakuteleza. Twalibu alimkamata mabega. Mwanamkuu ni dada yangu, tumbo moja, na miguu ya Abasi niliishika mimi.