Nyayo Kando ya Boga

Kila asubuhi, akishamaliza bakuli lake la nafaka na maziwa, Marlys Haugen alifungua daftari la klabu ya wakulima vijana na kuandika maneno yaleyale: "Saa kumi na mbili. Nimemwagilia boga." Kisha alitoka kwenda kulitazama. Mara nyingi ilikuwa imeshatimu saa tatu, na mpira wa maji haukuguswa. Mama yake, muuguzi wa hospitali, alikuwa ameondoka tangu alfajiri, basi nani angejua?

Boga lenyewe lilikuwa la ajabu. Lilijilaza nyuma ya nyumba yao katika mji mdogo wa Elm Fork, jimboni Iowa, kubwa kuliko beseni la kufulia, na bado lilizidi kunenepa. Maonyesho ya wilaya yalikuwa yamebaki wiki mbili. Marlys, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alishachagua hata msumari wa kutundikia utepe wa buluu wa mshindi.

Ijumaa moja aliona nyayo. Zilikuwa za buti kubwa, zimetoka kwenye uzio wa jirani hadi kwenye boga, kisha zikarudi. Udongo ulikuwa umelowa, na jani moja lilikuwa limekatwa kwa kisu.

Jirani huyo alikuwa Bwana Lindgren, mzee mstaafu aliyeshinda utepe wa boga kubwa kuliko yote miaka sita mfululizo.

"Analimwagia boga lako sumu huyo babu," alisema Jolene, rafiki yake, alipoonyeshwa nyayo hizo, kabla hata hajashuka kwenye baiskeli.

"Sumu? Mbona linanenepa?"

"Ndiyo ujanja wenyewe! Atalinenepesha mpaka lipasuke, paa! Wewe utabaki unalia na mbegu zako."

Tangu hapo Marlys hakuwa na raha. Jioni Bwana Lindgren alipouliza juu ya uzio, "Boga halijambo, binti?" alisikia kejeli tupu. Mzee alipoleta nyanya kwenye mfuko wa karatasi, Marlys alizitupa jalalani zote. Hata mluzi wake aliuona una jambo.

Jumamosi mama alikuwa nyumbani. Marlys alimvuta mkono hadi bustanini, akamwonyesha nyayo mpya, kisha akapaza sauti kuelekea upande wa pili wa uzio.

"Bwana Lindgren! Njoo umwambie mama unachomwagia boga langu!"

Mzee alikuja polepole akifuta mikono kwenye suruali. "Maji," alisema. "Nini kingine? Na lile jani lilikuwa na ukungu, nikalikata lisiambukize mengine."

"Mwongo! Unaogopa nitakushinda!"

"Marlys! Mdomo wako!" mama alimkemea. Kisha akamgeukia mzee. "Samahani, Bwana Lindgren. Huwa unakuja saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili kamili, kabla jua halijawa kali. Wiki ya tatu sasa. Niliona majani yamelegea, nikadhani mtoto anaumwa."

Mama alimtazama binti yake, naye Marlys akainamisha macho kwenye viatu vyake.

"Daftari lako linasema wewe ndiye unayemwagilia saa kumi na mbili," mama alisema taratibu. "Wiki tatu, mwanangu, na hamjakutana hata siku moja?"

Masikio yalimwaka Marlys kwa aibu. Kanuni ya klabu aliijua kwa moyo: kazi yote ifanywe na mtoto mwenyewe, na daftari liseme kweli, la sivyo boga lake haliingii kwenye shindano la maonyesho.

"Nilikuwa nimelala," alisema hatimaye, na machozi yakamtoka. "Kila siku. Nisamehe, Bwana Lindgren. Na zile nyanya... nilizitupa."

"Nyanya zangu?" Mzee alishika kifua. "Hilo ndilo lililoniuma!" Kisha akatabasamu. "Na mimi nilikosea, binti. Ningebisha hodi nikuulize. Nilikuhurumia, kumbe nakuharibia."

Marlys alikaa mezani na kalamu nyekundu, akafuta mistari ishirini na moja, mmoja baada ya mwingine. Kando ya kila mmoja aliandika: "Bwana Lindgren alimwagilia." Hakuna aliyemlazimisha.

Siku ya maonyesho boga lake lilipimwa, likapita la Bwana Lindgren kwa kilo nne. Lakini liliwekwa kwenye meza ya kutazamwa tu, bila utepe. Jolene alinuna kwa niaba yake. Utepe wa buluu alipewa Bwana Lindgren, naye akauweka mfukoni bila mbwembwe.

"Inauma?" mama aliuliza.

"Sana."

"Itapoa. Ulijua umeandika uongo, ndiyo maana ukaona kila mtu ni mwongo. Ukitaka kuwaamini watu, mwanangu, anza kwa kusema kweli wewe."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi na mbili kamili, mzee alifika kwenye uzio akakuta mtu ameshika mpira wa maji, nywele zimesimama, macho yamevimba kwa usingizi.

"Bwana Lindgren," alisema Marlys, "bado una nyanya za kumwagilia?"