Waya wa Njano kwenye Moduli Nyeusi

"Usikate umeme! Narudia, usikate umeme!"

Sauti ya Mkuu Msafiri ilikwaruza kwenye kidude cha mawasiliano sikioni mwa Bupe.

Bupe alikuwa nyuma ya jukwaa, kwenye ukumbi katikati ya Dodoma, bastola yake, Glock, ikiwa kiunoni chini ya koti la jinzi. Mbele yake Octavian alikuwa akipiga sinthesaiza, kinanda cha umeme alichokiunda mwenyewe: kabati zima la moduli, visanduku vya kuundia sauti, zilizounganishwa kwa nyaya za kila rangi. Redio ilikuwa ikirusha onyesho hilo moja kwa moja.

"Kwa nini?" Bupe alinong'ona.

"Tumekuta bomu chini ya daraja la reli, Gulwe. Limefungwa redio inayosikiliza onyesho hilo. Likisikia mlio wa moduli ya Kessler, linalipuka. Likisikia kimya kirefu, linalipuka vilevile. Treni imekwama juu yake, abiria bado wanashuka."

Bupe alimtafuta Kessler kwa macho.

Kessler alikuwa mgeni aliyejiita mfadhili wa wanamuziki. Ndiye aliyemzawadia Octavian moduli moja nyeusi iliyokuwa kwenye kabati lile. Idara ya usalama, alikofanya kazi Bupe, ilidhani ni chombo cha kurushia siri nje ya nchi, ikataka mgeni huyo anaswe akiwa kazini. Bupe aliijua hila hiyo tangu mwanzo. Hakumwambia Octavian neno.

Alikwenda nyumbani kwa Octavian, Chamwino, akajiita Jenifa, mwanafunzi wa chuo. Octavian akampokea, akamfundisha kwa subira ya ajabu.

"Usiogope nyaya, dada Jenifa. Osileta inatoa sauti. Chujio linaipunguza makali. Kikuza sauti kinaitoa nje. Hizo ni nyaya za sauti. Nyingine zinabeba amri tu. Volti ikipanda, noti inapanda. Na geti ni amri fupi kuliko zote: washa, zima."

Washa, zima.

Waya wa njano ulitoka kwenye kipanga noti, moduli inayopanga noti zifuatane, ukaingia kwenye moduli nyeusi. Hilo ndilo geti. Wimbo ukifika kipande cha mwisho, amri itapita humo na moduli italia.

Kipande cha mwisho kilikuwa kinakaribia.

Bupe alichukua chupa ya maji, akapanda jukwaani.

"Maji, kaka."

Octavian alitabasamu. Tabasamu lile lilimchoma Bupe kuliko kisu.

Kessler alikuwa amesimama ubavuni mwa kabati. Bupe aliinama, akaushika waya wa njano.

Akauchomoa.

"Unafanya nini wewe?" Kessler alifoka. Alimsukuma, akaukamata waya wa chujio, akaung'oa kwa nguvu.

Muziki ukakatika.

Ukumbi mzima kimya.

"Bupe! Hewani hakuna kitu!" Msafiri alipiga kelele.

Bupe alimtandika Kessler kiwiko cha koo. "Kaka Octavian, rudisha sauti! Watu watakufa!"

Octavian hakuuliza. Alichukua waya, akaiunganisha osileta moja kwa moja na kikuza sauti. Spika zikanguruma sauti mbichi, kali, mbaya.

Ilikuwa sauti.

Mkono wa Kessler uliingia ndani ya koti. Bastola ya Bupe ilikuwa imeshafika kwenye paji lake la uso.

"Toa mkono. Taratibu."

Octavian aliendelea kupiga, jasho likimtiririka, macho yakiwa kwenye ile Glock.

Hatimaye Msafiri akasema, "Gulwe wamelitegua bomu. Abiria wote salama. Kamata kila aliye jukwaani."

"Octavian hajui kitu, Mkuu. Ndiye aliyeokoa treni."

"Atahojiwa. Hiyo ni amri."

Vijana wa idara waliingia. Kessler akafungwa pingu. Octavian naye.

"Jenifa," alisema polepole. "Hiyo moduli ulijua ni ya hatari tangu lini?"

Bupe angeweza kudanganya. Ilikuwa kazi yake.

"Tangu siku uliyoletewa."

"Ukaniacha niifunge mwenyewe. Ukaniacha nipande nayo hapa."

"Ndiyo."

Octavian aliziangalia pingu, kisha akamtazama Bupe usoni.

"Usije tena nyumbani kwangu."

"Sawa," alisema Bupe.

Alirudisha bastola kiunoni, akashuka ngazi bila haraka, akatoka nje kwenye jua la alasiri. Pikipiki yake, Yamaha nyeusi, ilikuwa chini ya ukuta.

"Kazi safi, Bupe," Msafiri alisema. "Safi kabisa. Bupe? Unanipata?"

Alikichomoa kile kidude sikioni, akakitia mfukoni, akawasha pikipiki.