Nyumba Yenye Pepo Mzuri

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1969, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Wachuka alifungua mlango wa chumba cha giza nyuma ya studio ya mumewe, akapokewa na harufu ambayo haikuwa na kazi yoyote mjini Nyeri. Haikuwa harufu ya dawa za kusafishia picha. Hiyo aliijua, ilikuwa imeingia hadi kwenye mablanketi yao. Hii ilikuwa ya chumvi, na ya kitu kibichi kilichotoka majini, na juu yake utamu wa moshi, kama ubani wa Misa lakini mzito zaidi, wa kukaba koo. Nje ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka hadi vizingitini mwa maduka. Ndani ya chumba kile kulikuwa na joto.

"Baba Wangechi," aliita, "umeweka nini huku ndani?"

"Nimeweka kazi," Ngatia akajibu kutoka mbele. "Funga hiyo mlango, mwanga itaharibu karatasi."

Ngatia alikuwa mpiga picha hodari, na laiti kipaji chake kingekuwa haba labda angekuwa hai. Aliwadharau wakulima wa Mukurweini waliokuja kupigwa picha na viatu vya kuazima. Aliwaambia maharusi wafunge midomo kwa kuwa meno yao hayakustahili filamu. Alimdharau padre kwa mahubiri marefu na mkewe kwa kuyasikiliza. Jirani yake Sulemani, fundi cherehani, alimwita "mtu wa pwani", ingawa Sulemani alizaliwa Majengo palepale Nyeri, na baba yake vilevile, na bahari alikuwa hajaiona hata kwa mbali.

Mwaka huo kampuni moja ya Nairobi ilimtaka Ngatia apige picha kumi na mbili za kisiwa kimoja kidogo upande wa Lamu, kwa ajili ya kalenda. Alipanga safari kwa wiki sita. Alitundika ramani ukutani. Alifunga kila filamu katika mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya mkebe wenye mchele mkavu ili unyevu usiifikie. Aliandika orodha: minazi mitatu, mlango mmoja wa kuchonga, mwanamke mmoja wa buibui, mchanga bila watu.

"Bila watu," alikuwa akisema. "Hao wakiingia kwa picha wanaharibu. Wamekaa tu, wanangoja nazi ianguke."

Jambo moja tu lilimtisha, nalo ni joto. Alikuwa mtoto wa baridi, na filamu zake pia. Kwa hiyo mwezi wa Mei alimketisha Wachuka mezani, maana mwandiko wa Wachuka ulikuwa mzuri kuliko wake, akamwambia aandike barua kwa Shariff, mtu wa kisiwani aliyekodisha nyumba.

"Andika. 'Nataka nyumba ambayo iko na pepo mzuri.'"

Kalamu ya Wachuka ilisimama. Kila Jumapili alisikia kanisani habari za pepo waliotolewa ndani ya watu na kuingia katika nguruwe. "Baba Wangechi, si tuseme upepo?"

"Pepo, upepo, iko tofauti gani? Hiyo 'u' ni mapambo ya watu hawana kazi. Andika vile nasema. 'Pepo ya kutosha. Iingie kwa chumba yangu kila asubuhi na ikae na mimi mpaka kazi iishe. Watu wengine sitaki. Pepo peke yake inatosha.'"

Wachuka aliandika. Alijua neno lile lilivyo, na aliliacha lipite. Moyoni alisema: acha wamcheke. Acha watu wa kisiwa kizima waisome na wamcheke, naye ajue ladha yake. Akalamba bahasha, akaifunga.

Hayo yalikuwa Mei. Sasa ilikuwa Juni, na chumba kilikuwa kinanuka.

Siku ya Jumatano Ngatia alitoa picha za mwalimu Gatimu na familia yake, watu watano waliokaa bega kwa bega kwenye benchi mbele ya pazia la mlima. Katika picha hakuna aliyetazama kamera. Wote watano walikuwa wamegeuza macho kushoto, kwenye mlango wa chumba cha giza.

"Wajinga," Ngatia alisema. "Nimewaambia mara ngapi watazame hapa?"

"Walitazama," Wachuka akasema polepole. "Nilikuwa hapa. Nilikuwa nimeshika mtoto kidevu."

Ngatia alirudi chumbani akatoa nakala ya pili kutoka filamu ileile. Aliporudi alikuwa ameikunja mkononi, na Wachuka ilimbidi amfungue vidole ili aione. Katika nakala ya pili, Gatimu na mkewe walikuwa wamesogea, huyu huku na huyu kule, na katikati yao kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mtoto mdogo alikuwa ameinua uso akiiangalia nafasi ile jinsi mtoto anavyomwangalia mgeni.

Ngatia aliichana. Alisema ni karatasi mbovu, Wahindi wamemuuzia takataka.

Barua ya Shariff ilifika Ijumaa. Wachuka aliisoma kwa sauti, naye Sulemani alikuwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni, kwa kuwa alikuwa ameleta suruali ya safari ya Ngatia.

*"Kwa Bwana Ngatia wa Nyeri, salamu nyingi. Nyumba zenye upepo hapa kwetu ni zote, wala hakuna aliyewahi kuziomba kwa barua. Lakini wewe umeomba yenye pepo, tena mzuri, tena akae nawe, tena bila watu. Nyumba hiyo ni moja tu. Imefungwa miaka arobaini, na hatuna ubishi na mgeni anayejua anachotaka. Nilisimama mlangoni pake nikamsomea barua yako siku tatu mfululizo. Siku ya tatu mlango ulifunguka wenyewe. Tangu hapo nyumba imetulia, na watoto wanacheza barazani. Naona hakukungoja ufike. Sote tunakushukuru."*

Ngatia alicheka mpaka akashika meza. "Mnasikia? Ati wanashukuru! Ndiyo sababu hawaendelei. Mtu anaomba nyumba, wao wanaleta hadithi."

Sulemani hakucheka. Alikuwa akinusa. "Bwana Ngatia, huo ni udi. Nyanya yangu alikuwa akiufukiza. Nani anafukiza udi hapa?"

"Ni wewe umekuja nayo kwa nguo zako, fundi."

"Nguo zangu zinanuka mafuta ya cherehani." Akamgeukia Wachuka, akashusha sauti. "Mama Wangechi, hii barua ya kwanza iliandikwaje?"

Wachuka alimwambia. Sulemani aliuma mdomo, kisha akasema maneno yaliyomkaa Wachuka kifuani siku zote zilizobaki: kwamba pepo aliyealikwa si kama anayevamia, huwezi kumfukuza kama mwizi, maana ana barua, kwamba atakaa na aliyemwita, na atakapochoka atarudi kwao baharini, naye hatarudi peke yake.

"Kuna pepo kwa hii nyumba?" Ngatia alisema kwa sauti kubwa, akigonga ramani ukutani. "Iko wapi? Nionyeshe. Pepo haiko! Hiyo kitu haiko!"

Ndani ya chumba cha giza, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu alikohoa taratibu, kama mwalimu anayengoja darasa linyamaze.

"*Haiko* ni ya meza," ilisema sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamume mtu mzima, safi, yenye adabu, ya Kiswahili ambacho Wachuka hakuwahi kukisikia ila redioni. "Mimi si meza. Sema *hayupo*, Ngatia. Kisha tazama kama ni kweli."

Sulemani aliidondosha suruali. Ngatia alibaki na mkono juu ya ramani, na Wachuka aliona uso wa mumewe ukipita kwenye hofu, kwa muda wa kupepesa jicho tu, kisha ukairudia njia uliyoizoea.

"Fundi amemweka ndugu yake huko ndani," alisema. "Nitamlipua na teke."

Alifungua mlango. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sinia tatu za dawa chini ya taa nyekundu, na dawa ilikuwa ikienda na kurudi ndani ya sinia, ikienda na kurudi, ingawa hakuna aliyezigusa.

Wachuka alimwita padre. Alikuja, akanyunyiza maji ya baraka katika pembe nne, akasali vizuri. Kile kitu kilinyamaza kwa heshima mpaka padre akavuka barabara, ndipo kikasema kwa upole, "Yeye angalau anajua sarufi." Ngatia aliendelea kufunga mizigo. Safari ilikuwa Jumatano. Wachuka alimsihi aiache, naye akamuuliza kama anataka akose kazi ya Nairobi kwa sababu ya harufu.

Sulemani ndiye aliyeijua njia, au aliyeikumbuka kwa nyanya yake. Mwaliko uliandikwa, basi uondolewe kwa maandishi. Aliyealika aweke sahihi, kisha asimame mlangoni asome kwa kinywa chake mara tatu, kama Shariff alivyosoma. Wachuka aliiandika barua hiyo kwa mkono uleule. Ilikuwa fupi: *Nilikosea neno. Nilitaka upepo, sikutaka pepo. Naomba radhi, na nakuomba uende kwa amani.*

"Mimi niombe radhi?" Ngatia aliuliza. "Kwa sababu ya herufi moja?"

"Kwa sababu yangu," Wachuka alisema. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, jambo ambalo hakulifanya ila kanisani. "Mimi niliona kosa nikaliacha. Nilitaka wakucheke. Nisaidie, Baba Wangechi. Soma tu."

Ngatia aliichukua karatasi kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika soksi ya mwingine, akaweka sahihi.

Ilikuwa Jumanne, saa kumi alasiri, mwanga wa kutosha dirishani, watu wakipita nje na mikungu ya ndizi. Ngatia alisimama mbele ya mlango wa chumba cha giza na kamera shingoni, maana alitaka kuonekana kwamba alikuwa na kazi nyingine. Alisoma haraka, kwa puani, akimkonyeza Sulemani.

"Nilikosea neno. Nilitaka pepo—"

"Upepo," Wachuka alinong'ona. "Tazama karatasi. Upepo."

"Si ndiyo nasema? Usinifundishe kusoma. Nilitaka pepo, sikutaka pepo. Naomba radhi."

"Bwana Ngatia, tafadhali, 'u', tamka 'u'," Sulemani alisema, na jasho lilikuwa likimtiririka.

"Hata na wewe?" Sasa alikasirika kweli, na hasira yake ilikuwa kama ya mtu aliyesahihishwa mbele ya watu, na Wachuka aliyemjua miaka kumi na mitano alijua kwamba ulimi wake uliweza kulisema lile neno, ila yeye hangeliruhusu, akasoma mara ya pili, akilikaza, *pepo*, akasoma mara ya tatu, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, *nilitaka pepo*, na kabla hajafika kwenye radhi kitasa cha mlango kilijigeuza kutoka ndani, polepole, kwa adabu, na joto likatoka, na harufu ile, na mlango ukasimama wazi kama mlango wa nyumba iliyokuwa ikimngoja mwenyewe.

"Mara tatu," ilisema sauti. "Sasa hakuna shaka. Karibu."

"Nitakuonyesha karibu," Ngatia alisema, na akaingia, kwa kuwa hakuwa amewahi kurudi nyuma mbele ya mtu aliyemdharau.

Mlango ulifungwa. Wachuka aliurukia, akauvuta kwa mikono yote miwili, akaita jina lake la ubatizo ambalo hakulitumia tangu harusi, na kutoka ndani akasikia kitu kisichokuwa ugomvi wala kelele, akasikia maji mengi yakivuta pumzi na kuiachia, na katikati yake sauti ya mumewe ikikohoa na kujaribu kusema neno moja, ikianza na "u", "u", "u", akilitafuta, akilishika sasa kwa kuwa sasa alilitaka, mpaka likazibwa. Maji yalitokea chini ya mlango. Yalikuwa ya uvuguvugu, na yalileta mchanga mweupe juu ya viatu vyake.

Sulemani alivunja mlango kwa chuma cha pasi. Ngatia alikuwa amelala chali kati ya sinia, ambazo dawa yake haikufika kina cha kidole. Sakafu ilikuwa kavu. Nywele zake zilikuwa zimelowa, na mdomo wake ulikuwa umejaa mchanga. Daktari aliyempima alimuuliza Wachuka alizama wapi, kwa maana mapafu yalikuwa na maji ya chumvi. Wachuka alisema, "Nyumbani." Daktari aliandika kitu, akakikata.

Walimzika Jumamosi, katika mvua nyembamba. Jumatatu Wachuka alirudi studio kutoa vitu ili mwenye jengo achukue funguo zake. Aliteremsha ramani. Alimwaga mchele wa mikebe. Chumba cha giza alikiacha cha mwisho, akaingia mchana, akaacha wazi mlango uliovunjwa. Hapakuwa na harufu. Palikuwa na utulivu tu, lakini utulivu ulioinamisha kichwa, kama wa mtu anayesikiliza mtoto akisoma na kalamu nyekundu iko mkononi.

Alipiga magoti. Alitoa rozari yake, na alisali polepole sana, akilipima kila neno kabla ya kulitoa, kwa kuwa alijua linasikilizwa na wawili.

"Ee Bwana, mpokee mtumishi wako Ngatia. Msamehe dharau yake, nami nisamehe yangu, maana niliona neno baya nikaliacha liende. Pale alipo, mpe nchi kavu. Mpe upepo, Bwana. Upepo. Umpumzishe kwa amani, pamoja na marehemu wote. Amina."