Kamusi Tatu za Peter Lorimer

Kila Jumatatu, katika darasa la Mwalimu Carswell, mwanafunzi mmoja alisoma kazi yake mbele ya wenzake. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya Morven Lorimer. Aliandika juu ya babu wa babu yake, Peter Lorimer, mkemia aliyetengeneza rangi ya kijani katika mji wao wa Scotland, akafa kwa sumu ya rangi hiyohiyo.

"Sumu wapi!" Struan, mwanafunzi mwenzake, alidakia. "Kamusi ya watu mashuhuri inasema alikufa kwa pombe. Kumbe ukoo mzima walevi!"

Darasa liliangua kicheko. Morven alimrushia daftari usoni.

"Okota hilo daftari!" Mwalimu alifoka. "Nimesoma kamusi tatu, Morven. Zote zinasema ulevi. Wewe una ushahidi gani?"

"Bibi ndiye kaniambia."

"Haitoshi. Andika upya, la sivyo kazi yako haiendi kwenye maonyesho ya wilaya."

Baada ya masomo Morven alikwenda kwa hasira moja kwa moja maktaba, akazibwaga kamusi zote tatu mezani.

"Taratibu, binti, utazichana," alisema mkutubi, Bwana Tulloch. "Hebu soma mwisho wa kila habari, pale wanapotaja walikoitoa."

Kamusi ya tatu iliitaja ya pili. Ya pili iliitaja ya kwanza. Ya kwanza ilitaja barua moja tu, ya muuza rangi aliyegombania wateja na Peter.

"Mnafiki mkubwa!" Morven alilia kwa uchungu. "Na hawa wengine wakanakili tu!"

"Una haki ya kukasirika. Ila sumu bado hujaithibitisha."

Kesho yake alikwenda na bibi yake kwenye ofisi ya vizazi na vifo. Katika daftari la mwaka 1862, sababu ya kifo cha Peter iliyotolewa na daktari ilikuwa arseniki, sumu iliyotiwa katika rangi yake ya kijani. Wakaomba nakala.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu Carswell aliisoma nakala ile mara mbili. Uso ulimwiva.

"Nilidhani nina mashahidi watatu," aliliambia darasa. "Kumbe alikuwa mmoja, tena hasimu wake. Nisamehe, Morven."

Struan naye aliomba radhi. Morven hakutulia. "Lakini kamusi bado zinamwita mlevi!"

"Marehemu hawezi kujitetea," Mwalimu alisema. " Anayeandika habari zake lazima atafute mpaka mwisho. Mimi sikutafuta, nawe hukutafuta mpaka ulipokasirika. Haya, toeni karatasi. Tunawaandikia wachapishaji leo, na sahihi ya kwanza itakuwa yangu, maana nami nilimwita mlevi."