Ndama Aliyelishwa Mashudu ya Pamba

Nyumba ya Basili na Monica haikosi watu. Iko Uchagani, juu ya soko la Kiboriloni, kando ya njia ya kupanda mlimani. Kila anayetoka sokoni na mzigo hupumzika pale. Hunywa maji, husikia habari za jana, huacha za leo. Ukitaka kujua nani anachumbiwa na nani kagombana na mkwe wake, kaa kwenye benchi la Monica nusu saa tu.

Mwaka 1996 habari kubwa ilikuwa ndama.

Basili na Monica walipewa ng'ombe wa maziwa na kikundi cha jumuiya yao. Sharti lilikuwa moja. Ndama jike wa kwanza aende kwa jirani aliye kwenye zamu. Jirani naye atamtoa jike wake wa kwanza, hivyo hivyo mpaka kila nyumba ipate maziwa.

Aliyekuwa kwenye zamu ni Bibi Lukresia, mjane wa ng'ambo ya mfereji. Alikuwa analea wajukuu wawili. Alikuwa amengoja miaka minne. Banda lake lilikuwa tayari, limefagiwa, halina kitu.

Ndama aliitwa Zawadi. Alikuwa na miezi mitatu na nusu, na maziwa alikuwa ameshaachishwa. Angekabidhiwa Jumapili baada ya misa. Watu wote wangemsindikiza kwa nyimbo mpaka kwa Lukresia, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ingenywewa.

"Sitampeleka ndama mwenye mbavu za kuhesabika," Monica alimwambia mumewe. "Watu watasema tumemnyima."

"Watu wako hao!" Basili alicheka. "Hata akinona watapata la kusema."

Monica alikuwa na siri yake ya kunenepesha. Mama yake Zawadi alikuwa akipewa mashudu ya pamba yaliyochanganywa na pumba za mahindi. Maziwa yalikuwa yamepanda kutoka chupa nne mpaka saba. Basi Monica alijiambia: kama yanamfaa mama, mtoto yatamfaa zaidi. Akaanza kumpa Zawadi kopo moja, asubuhi na jioni. Kisha mawili. Wiki ya nne yalikuwa matatu, tena mashudu matupu.

Hakuna aliyemkataza. Zamani mabwana mifugo walipita vijijini. Sasa wengi wao walikuwa wamepunguzwa kazini. Maduka yalijaa vyakula vya mifugo vya kila aina, lakini mwenye duka alipima, akafunga mfuko, basi.

Alhamisi asubuhi Zawadi hakugusa kopo. Alisimama kichwa chini. Mbavu zilipanda na kushuka haraka, kama amekimbizwa. Alipopiga hatua mbili, magoti yalitetemeka.

"Baba Valerian!" Monica aliita. "Njoo! Njoo umwone ndama!"

Basili alikuja, lakini hakuja peke yake. Mlima una masikio. Kabla jua halijapanda, banda lilikuwa limezungukwa na watu.

"Kapigwa jicho huyo," alisema Mama Gladness, jirani ambaye hakuna habari inayompita. "Mmemsifia mno."

"Mpeni maji ya chumvi."

"Mpeni mbege kidogo, itamchangamsha."

"Wewe kila ugonjwa dawa yako mbege!"

Watu wakacheka. Monica hakucheka. Alimwona Bibi Lukresia akija polepole kando ya mfereji. Watu wakampisha.

"Shikamoo, bibi," Monica alisema.

Lukresia hakuitikia. Alimtazama ndama muda mrefu.

"Siku tatu zimebaki," alisema. "Siku tatu tu, ndama anaugua. Kama mlitaka kubaki naye, si mngesema?"

"Bibi, siyo hivyo..."

Lakini alikuwa ameshageuka. Mama Gladness naye aliondoka, na Monica alijua anakokwenda: popote penye watu.

Basili alishuka mbio mpaka Kiboriloni. Alirudi na mzee Filemon, bwana mifugo wa zamani. Baada ya kupunguzwa kazi, Filemon alifungua kiduka cha dawa za mifugo sokoni. Alipoona lile kundi, akasimama.

"Mgonjwa ni nani hapa, ndama au kijiji?" aliuliza. "Haya, wote nje. Hewa!"

Watu walitoka wakinung'unika. Filemon alisikiliza moyo wa ndama. Alibonyeza ngozi chini ya taya. Ilikuwa imevimba kidogo. Kisha akainama, akachota kilichobaki ndani ya kopo, akanusa.

"Nani anamlisha mashudu ya pamba?"

"Mimi," alijibu Monica. "Mama yake anakula, na maziwa yameongezeka."

"Kwa muda gani?"

"Mwezi."

Filemon alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alishika kola ya shati lake.

"Mama, hili shati ni pamba. Utambi wa kibatari chenu ni pamba. Pamba ya kufutia kidonda ni hiyo hiyo. Hapo tunatumia nyuzi. Ila chini ya nyuzi kuna mbegu. Mbegu ikikamuliwa inatoa mafuta ya kula. Kinachobaki ndiyo mashudu."

"Sasa si ni chakula?"

"Ni chakula kizuri, kwa anayekiweza. Ukipasua mbegu ya pamba utaona vitone vyeusi, vidogo kama vumbi. Humo mna sumu. Mmea unajilinda nayo, wadudu wasiumalize. Mafuta yakisafishwa kiwandani, sumu inatolewa. Lakini kwenye mashudu hubaki."

Monica aliweka mkono mdomoni.

"Mbona mama yake hadhuriki?" Basili aliuliza.

"Ng'ombe mkubwa ana tumbo kubwa la kucheulia. Sumu ikifika mle, nguvu yake hupungua. Hata yeye asizidishiwe. Ndama tumbo hilo halijakomaa. Sumu inaingia kidogo kidogo, inakaa, inauchosha moyo. Nguruwe na kuku nao ni hivyo hivyo, hawaiwezi."

"Basi mpige sindano," Monica alisema. "Nitauza kuku wote. Mpige sindano!"

"Hakuna sindano ya kuiondoa, mama. Nisikudanganye. Acha mashudu leo hii. Mpe majani laini na maji safi. Asitembezwe, asikimbizwe, asishtuliwe. Moyo uliochoka unaweza kusimama ghafla, hata wiki mbili baada ya kuacha. Akipita hapo, tutapumua."

"Na Jumapili?"

"Jumapili hakuna ngoma, hakuna nyimbo, hakuna kumpandisha ndama kilima."

Jioni habari ilikuwa imefika mbali. Basili kamlisha ndama sumu ili asimtoe. Ndivyo ilivyosemwa. Benchi la Monica likabaki tupu kwa mara ya kwanza tangu aolewe.

"Tunyamaze," alisema Basili. "Akipona, watajionea."

"Na asipopona?" Monica aliuliza. "Bibi atakufa akiamini tulimdhulumu."

Kesho yake alikata jani la sale, mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba. Kwetu Uchagani, ukimpelekea mtu sale unaomba msamaha, na ni vigumu mtu kulikataa. Alivuka mfereji.

Lukresia alitoka, akamkuta mlangoni. Aliliona jani.

"Bibi, ni mkono wangu," Monica alisema. "Siyo jicho, siyo hila. Nilitaka umpokee akiwa amenona. Nikamlisha mashudu ya pamba. Mzee Filemon anasema ndama hayawezi. Sikujua, bibi."

Lukresia alipokea jani.

"Umesema mashudu ya pamba?"

"Ndiyo. Hata nguruwe na kuku hawayawezi."

"Mungu wangu!"

Lukresia alimshika Monica mkono, akamvuta mpaka nyuma ya nyumba. Katika banda lililofagiwa kulikuwa na mfuko, umefunguliwa juu.

"Nilimnunulia Zawadi," alisema. "Nilikuona ukimpa, nikasema huyo ndiye anayejua kufuga. Sikutaka aje kwangu akose alichozoea. Na tangu juzi ninampa na nguruwe wangu."

Wote wawili walimgeukia nguruwe. Alikuwa bado anakula.

Monica aliruka uzio, akamnyang'anya sufuria. Nguruwe akapiga kelele, akamkanyaga, nusura amwangushe. Lukresia, ambaye tangu jana hakuwa na uso wa kucheka, akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mwache, mwanangu, atakula na kanga yako!"

Tangu siku hiyo Lukresia alivuka mfereji kila asubuhi na majani laini. Alikaa kando ya Zawadi, kimya. Siku ya sita ndama alilala ubavu, pumzi fupi fupi, na Monica alishindwa hata kupika. Lukresia alimwambia, "Kaa. Usimguse. Tungoje." Wakangoja mpaka ndama alipoinua kichwa. Siku ya tisa alikula konzi mbili za majani. Siku ya kumi na mbili alicheua. Siku ya kumi na tano mzee Filemon alisikiliza moyo, akavua kofia.

"Sasa mnaweza kupumua," alisema.

Walingoja mwezi mwingine ndipo wakamkabidhi. Watu walijaa hadi barabarani, lakini waliimba kwa sauti ya chini, kama wanambembeleza mtoto. Mama Gladness alitangulia mbele, akiwanyamazisha wengine kwa kidole, kana kwamba yeye ndiye aliyegundua ugonjwa.

Lukresia alipokea kamba. Wajukuu wake walimshika Zawadi shingoni, mmoja huku, mwingine huku.

"Mama Valerian," alisema, "ule mfuko wangu bado uko kule. Nimeufunga, nimeutundika juu kabisa."

"Mpaka lini, bibi?"

"Mpaka huyu azae. Siku hiyo uje wewe mwenyewe, umpimie kipimo cha kwanza, uchanganye na pumba. Na ndama wake ukimwona anakaribia, umfukuze."

Siku hiyo ilifika. Monica alikuja na kopo lake, lile lile, na nyuma yake wakaja watu wote wa benchi.