Wimbo Ulioishia Njiani

Kila asubuhi ya msimu wa korosho, kabla jua halijapanda juu ya kijiji cha Chilangala, Leonia aliinama chini ya mikorosho ya mama yake. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza: unaokota bibo, lile tunda la mkorosho, unanyonga korosho yake, unaitupa ndooni. Leonia, kwa uchapakazi wake uliojulikana kijiji kizima, alitia mabibo mengi tumboni kuliko korosho alizotia ndooni.

"Leonia! Hiyo ndoo inasemaje huko?" mama yake aliita kutoka mkorosho wa pili.

"Inasema ina njaa, mama."

"Iambie saa ya chakula mtakuwa na njaa wawili."

Leonia alikuwa darasa la sita, na kwa Kiswahili hakuwa na mpinzani. Kipaji hicho alikitumia kwa kazi nzito za kitaifa. Mwalimu mmoja mgeni aliyetoka Kagera aliwahi kuaminishwa naye kwamba huku Newala watu hawasalimiani siku ya Jumatano. Mwalimu yule aliipitisha Jumatano nzima amekaza midomo kama mtu aliyemeza kijiko. Adhabu ilikuwa kulima bustani ya shule. Leonia alilima huku akicheka, akaona bei si mbaya.

Siku moja, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Pancras alitangaza kwamba wageni wa chuo kikuu wamefika. Walikuwa wanatengeneza hifadhi ya kidijitali, yaani ghala lililo ndani ya kompyuta, ambamo mtu yeyote popote alipo anaweza kuona na kusikia mambo ya Newala na Masasi.

"Wanataka picha, barua, kanda, ramani, hata sauti za wazee," alisema. "Kila kitu kinachoonyesha tulivyoishi."

Mrisho, rafiki yake Leonia, alinyoosha mkono. "Na kaptula ya babu yangu, mwalimu?"

"Kama ina historia, ilete."

"Ina matundu, mwalimu."

"Basi waachie wakapige picha matundu. Kaa chini."

Ofisi ya kijiji ikajaa watu na vitu. Mzee mmoja alileta barua ambazo baba yake alizituma kutoka mashamba ya mkonge, karatasi zimekuwa laini kama kitambaa. Mwingine alikuja na picha ya bibi yake mwenye ndonya, kile kipande cha mti cha urembo, mdomoni, na kanda ya ngoma ya sindimba ambayo panya walikuwa wameitafuna pembeni. Kuna aliyeleta kanga ya sherehe ya uhuru, na kuna aliyeleta tiketi ya mpira wa miguu. Kinyago kilipigwa picha pande zote kama mtu anayeomba pasipoti. Dada Nuria, msichana wa Tanga aliyeongoza kazi hiyo, hakukataa kitu. Kila kimoja alikiandikia maelezo, akakirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

Nyimbo ndizo zilizompa shida, kwa sababu Chimakonde hakukijua hata kidogo. Aliomba mkalimani. Mwalimu Pancras, kwa nia njema kabisa, akamtoa Leonia.

Walikwenda kwa Bibi Anjelina, jirani wa kina Leonia. Binti yake, Mama Basil, alikuwa amepeleka korosho ghalani, kwa hiyo walimkuta bibi peke yake barazani, amekaa kwenye mkeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Karibuni."

Kiswahili cha Bibi Anjelina kiliishia karibu hapo, na masikio yake nayo yalikuwa mazito. Leonia alimweleza kazi ile kwa Chimakonde, kwa sauti ya juu. Bibi alifikiri kidogo, akakitazama kinasa sauti kama mtu anayetazama mtoto aliyeombwa ambebe, kisha akasema ataimba wimbo wa maji. Miaka ya nyuma, yeye na wenzake walishuka bondeni alfajiri na kupanda na mitungi kichwani gizani. Aliyetangulia aliimba akiita majina ya walio nyuma, na kila mmoja aliitika, ili ijulikane kwamba bado yuko njiani.

Akaanza kuimba. Sauti ilikuwa nyembamba lakini haikutetereka. Leonia alielewa kila neno: njia, jiwe, giza, mtungi, fulani uko wapi, niko hapa. Aliona ni wimbo tu wa wazee, tena mrefu. Bibi alipotulia kuvuta pumzi, Dada Nuria akanong'ona, "Anasema nini?"

Leonia akakunja uso kama padri, naye akanong'ona. "Anasema palikuwa na mbuzi wa mjumbe. Mbuzi huyo alikula suruali ya mjumbe siku ya mkutano. Sasa wanakijiji wanamuuliza mbuzi suruali iko wapi, naye anajibu, niko hapa, niko hapa."

Dada Nuria alijitahidi. Aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimtoka puani, mabega yakamtikisika.

Bibi Anjelina alimtazama mgeni. Kisha akavuta kanga yake mabegani, akasema kwa Chimakonde, "Mwambie nimechoka."

"Anasema amechoka," alisema Leonia. Ilikuwa sentensi pekee aliyoitafsiri sawasawa siku hiyo.

Jioni Mrisho alisimuliwa yote, akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akauliza, "Si utaumbuka?"

"Nani atajua? Chuo chenyewe kiko mbali."

Kesho yake Leonia alipita kwa Bibi Anjelina na ndoo ya maji. Bibi akamwita. "Mjukuu wangu, yule mgeni alicheka nini?"

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema kweli, tena pana. Leonia aliiona. "Sijui, bibi," alijibu. "Wageni ndivyo walivyo."

Bibi aliitika kwa kichwa, akaendelea kupepeta mtama wake.

Wakati wa masika Bibi Anjelina aliugua kifua, akafariki. Leonia alikwenda msibani na mama yake, akasaidia kuosha vyombo. Siku ile hakumtania mtu.

Mvua zilipokwisha, Dada Nuria alirudi na projekta ili kijiji kione kazi yake. Darasa lilijaa hadi madirishani. Ukutani zikapita barua za mkonge, kanga ya uhuru, kaptula ya babu yake Mrisho pamoja na matundu yake. Watu walishangilia kila kitu. Kisha Dada Nuria akasema, "Na huyu tunamkumbuka kwa heshima," akabonyeza kitufe.

Sauti ya Bibi Anjelina ikaingia darasani. Ukutani, chini ya picha yake, yakatokea maandishi makubwa: Wimbo wa mbuzi aliyekula suruali ya mjumbe.

Watoto wakaangua kicheko. Wazee hawakucheka. Walikuwa wakisikiliza kwa masikio yao wenyewe. Kicheko kikafa kidogokidogo, kikabaki kwa mtoto mmoja dirishani ambaye alipigwa kofi, naye akanyamaza. Wimbo ukaenda, ukakatika, ikafuata minong'ono isiyoshikika maneno, kisha kikasikika kicheko cha puani.

Mama Basil akasimama. "Kwa hiyo ni kweli. Mama aliniambia mgeni amemcheka, nikamwambia hapana, mama, umeona vibaya." Alimgeukia Dada Nuria. "Huo ni wimbo wa dada yangu Emilia. Alitereza na mtungi kwenye mteremko, alfajiri, mama akiwa ametangulia. Mama aliita jina, halikuitikiwa. Tangu siku hiyo akiimba jina lile huliweka mwisho. Wewe ulikaa kwenye mkeka wetu ukamcheka mwanawe?"

Dada Nuria alimkumbuka vizuri mkalimani wake, kwa maana macho yake yalipita juu ya Leonia mara moja, haraka, kisha yakashuka. "Maelezo niliyaandika mimi," alisema. "Kosa ni langu, mama. Nisamehe."

Kama angemnyooshea kidole, Leonia angejitetea. Kujitetea alikuwa bingwa. Lakini mgeni yule alibeba mzigo usio wake mbele ya kijiji kizima, na hakuna aliyemtetea. Leonia akasimama kabla hajaamua.

"Ni mimi. Nilimdanganya. Dada alimcheka mbuzi wangu, hakumcheka bibi. Na bibi aliniuliza, nikasema sijui."

Mama yake Leonia alifunika uso kwa kanga. Leonia alitamani viboko, bustani nzima ya kulima, chochote chenye mwisho.

Alasiri ile ile Mwalimu Pancras aliwaketisha nyumbani kwa Mama Basil: Dada Nuria na kompyuta yake, Leonia katikati. Kipande kwa kipande walisikiliza, na kila mstari Leonia aliutafsiri, Mama Basil akihakikisha. Mbuzi na suruali vikafutwa. Mahali pake pakaandikwa maneno ya kweli, pamoja na kisa cha Emilia.

"Mama," Dada Nuria akauliza kwa woga, "sehemu iliyobaki, unaijua?"

"Naijua yote."

"Tunaweza kuirekodi kwa sauti yako?"

Mama Basil alitikisa kichwa. "Katika wimbo ule, jina la mtoto huliita mama yake. Mimi ni mdogo wake, siwezi kumwita."

Basi Dada Nuria akaandika kwamba wimbo haukukamilika, akafunga kompyuta.

Leonia akapiga magoti. "Nisamehe, Mama Basil."

"Nimekusamehe. Inuka." Sauti yake haikuwa na ukali, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulisikia. "Ila nisikilize, kwa sababu una akili, na akili yako itakupeleka mbali. Asiyejua lugha akikuomba umtafsirie, anakuwa kipofu na wewe ndiye unayemshika mkono. Siku ile uliwashika wawili. Mgeni ulimpotosha, leo tumemrudisha njiani. Watakaofungua ghala lao miaka ijayo nao watasoma ukweli. Lakini mama alikufa akiamini mwanawe amechekwa, na mimi sina pa kwenda kumweleza. Uongo unaweza kuufuta baadaye, mwanangu. Aliyeumizwa nao anaweza kuwa ameshaondoka."

Alinyanyuka, akaingia ndani kuwasha moto. Leonia alibaki amepiga magoti kwenye mkeka, ingawa alikuwa ameambiwa ainuke.