Mlio wa Gurudumu la Kushoto

Kila asubuhi mume alikata vioo vya madirisha kwenye karakana yake nyuma ya nyumba. Mke aliwapeleka watoto shule kwa pikapu yao kuukuu, kisha akarudi kupakia vioo vya wateja. Kazi ilikwenda vizuri, mpaka vioo vilipoanza kuvunjika njiani.

Kilipovunjika cha tatu, mume alishindwa kujizuia.

"Unaendesha kama unafukuzwa."

"Naendesha kama nimebeba kichanga," mke alijibu. "Gari linagonga mbele, linavuta kushoto. Nimekwambia mara ngapi?"

"Huo ni uzee tu. Hata magoti yangu yanalia."

"Basi magoti yako yabebe vioo. Mimi siliendeshi tena mpaka litazamwe."

Mume akampigia simu dada yake mkubwa, fundi wa magari. Moyoni alijua dada atakuwa upande wake.

Kesho yake fundi alifika na sanduku la vifaa. Alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akainua mbele kwa jeki, kisha akaweka stendi za chuma chini ya fremu.

"Jeki imeshashika. Stendi za nini?" mume aliuliza.

"Jeki ni ya kuinulia tu. Siingii chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Haya, mdogo wangu, shika gurudumu la kushoto juu na chini. Tikisa."

Alitikisa. Gurudumu likacheza. Ko, ko.

"Mlio wenyewe ndio huo, wifi," mke alisema.

Fundi alimulika tochi. "Beringi ni nzima. Iliyolika ni boljointi. Hiki ni kifundo kinachoshika gurudumu na kuliacha ligeuke, kama bega lako. Kikichomoka barabarani, gurudumu linalala, na dereva hana la kufanya."

Mume aliacha kutikisa. "Watoto hupanda gari hili kila siku," alisema polepole.

"Na mkeo ndiye aliyekuwa akipambana na usukani. Vioo havikuvunjwa na yeye. Ona, shokapu zinazopunguza mitikisiko zinavuja mafuta, na bushi, hii mipira ya ndani, zimepasuka."

"Basi tubadili za kushoto tu."

"Wewe huwa unanunua kiatu kimoja? Shokapu hubadilishwa pande zote mbili. La sivyo, gari litayumba."

Vifaa vipya viliponunuliwa, walifanya kazi wote watatu. Mume alipotaka kukaza bolti za bushi kwa nguvu zote, dada yake alimzuia.

"Kaza kidogo tu. Tutamalizia gari likishuka na kubeba uzito wake. Ukikaza likiwa hewani, mipira itajisokota na kupasuka mapema."

Kabla ya kuondoka alimwambia mke, "Sasa lipeleke likapimwe mwelekeo wa magurudumu, maana tumefungua vitu vingi. Na ukisikia mlio mpya, usingoje."

Wiki iliyofuata walipata kazi ya zahanati: vioo kumi na viwili. Mume alikaa kando ya mke. Barabara ilikuwa mbovu, lakini usukani ulitulia mikononi mwa mke. Vioo vyote vilifika vizima.

Mume hakushuka mara moja.

"Nilikuonea," alisema.

"Ulinionea," mke alijibu, akafungua mlango. "Njoo ushike upande huu. Hiki ni kizito."

Wakakibeba pamoja mpaka dirishani.